Mapishi Yanayoanza Jana

Mpishi wa pilau husifiwa kabla sinia halijatua mkekani. Harufu imemtangulia, watu wameshakaa mkao wa kula, na akipita karibu anaitwa fundi. Anayelisha watu saba wiki nzima kutoka kwenye debe la mahindi, ndoo ya maharage na dagaa waliobaki chini ya mfuko hapewi jina. Akisemwa, husemwa kwamba anajua kubana matumizi, kana kwamba ufundi wake wote uko kwenye kuhesabu hela.

Nimekaa jikoni na wapishi wa aina zote mbili, na kwa maoni yangu huyu wa pili ana kazi ngumu zaidi. Pilau ina nyama, samli na bizari. Vitu vyenyewe vinambeba mpishi hata akiteleza. Punje kavu hazimbebi mtu. Zilivunwa miezi mingi iliyopita, zimekauka mpaka zinalia zikimiminwa kwenye sufuria, na utamu wowote utakaotoka humo utatokana na jinsi mpishi alivyopanga saa zake: nini kiingie majini usiku, nini kitangulie motoni, nini kisubiri hadi mwisho kabisa. Ufundi huu ni wa mpangilio. Mwenye haraka hauoni, kwa sababu sehemu yake kubwa hufanyika mpishi akiwa amekaa kimya, au amelala.

Aliyenifanya niuone ni shangazi yangu wa Upare, katika milima iliyo juu ya mji wa Same, ambako makande hayangoji sikukuu. Watu hupenda kusimulia kwamba wazee wetu walipika kwa kukisia. Shangazi hakisii. Ana kikombe cha bati kilichokatika mkono, na kwa kikombe hicho mahindi ni vitatu, maharage kimoja na nusu, maji yapande juu ya punje hadi kiungo cha pili cha kidole. Ukimuuliza sababu atakuuliza wewe: wanakula wangapi, kuni ni za mti gani, maharage ni ya msimu upi.

Hilo la msimu ndilo la kwanza kuamuliwa. Kabla ya chochote humimina maharage kwenye ungo, akapepeta makapi yakaruka, akatoa mawe na punje zilizotobolewa. Hapo mimi ningedhani kazi imekwisha. Yeye ndipo anapoanza kuinamia ungo kwa makini, akisogeza punje kwa kidole, hizi huku na zile kule.

“Shangazi, unatenga nini tena?” nilimuuliza.

“Haya ni ya mwaka huu, mwanangu, na haya ni ya mwaka juzi. Ukiyachanganya sufuria moja, haya yataiva na hayo yatabaki yanakutazama.”

Wataalamu wa mazao wanalieleza jambo hilohilo kwa njia yao. Maharage yaliyokaa muda mrefu kwenye joto na unyevu hubadilika ndani, kuta za chembe zake zinashikana kwa namna ambayo maji hayaziachanishi tena kirahisi, na unaweza kuyachemsha nusu siku yakabaki na kokwa ngumu katikati. Rangi nayo huwa imefifia au imegeuka kahawia, na ganda limepoteza mng'ao. Shangazi hasomi majarida ya kilimo, anasoma ganda. Yale ya zamani huyapikia siku yake peke yake, au huyapeleka mashine ya kusaga yakawa unga wa kukolezea mchuzi.

Jicho hilo hufanya kazi sokoni pia. Kwenye magunia ya Kariakoo au Mabibo, maharage ya njano mara nyingi huuzwa bei juu kuliko mekundu makubwa, na mnunuzi mwenye hela kidogo atakimbilia ya bei ndogo. Mpishi mzoefu huhesabu na mkaa. Yale ya njano huwahi kuiva, na tofauti ya bei inaweza kurudi yote jikoni. Nimewaona akina mama wakitafuna punje moja mbele ya muuzaji kabla hawajasema neno. Iliyokauka sawasawa hupasuka kwa mlio mkavu. Ikibonyea chini ya jino, wanaondoka, kwa maana punje yenye unyevu itaota ukungu ndani ya ndoo.

Na ukungu haufanyiwi mzaha. Mwaka 2004 huko Ukambani, nchini Kenya, mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu yaliota kuvu inayotoa sumu, ile tunayoiita sumukuvu, na watu 125 walikufa. Kwa hiyo kuna kipimo cha chupa ambacho maofisa ugani wamekifundisha vijijini na ambacho napenda urahisi wake: chukua chupa kavu ya kioo, tia punje, tia chumvi kavu, tikisa kwa nguvu kisha uiache itulie. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mazao yarudishwe juani. Chumvi ikishuka yote chini, yafungwe.

Sasa tuje kwenye maji. Maharage huingia majini baada ya chakula cha usiku, maji mara tatu ya maharage, na asubuhi yamejaa na ganda limenyooka. Hakuna anayepinga hatua hii isipokuwa aliyesahau. Ugomvi ni kwenye chumvi. Shangazi hatii chumvi mpaka mwisho, na nyumba nyingi nilizopita, kuanzia Moshi hadi Mombasa, zina imani hiyo: chumvi ikitangulia, maharage yanagoma. Kwa heshima zote, hapa naona chumvi imesingiziwa. Ganda la haragwe hushikwa imara na kalsiamu. Chumvi kidogo kwenye maji ya kulowekea huondoa sehemu ya kalsiamu hiyo na ganda linalegea, tena halipasuki ovyo jikoni. Kijiko kimoja cha chai kwa lita moja kinatosha.

Kinachogomesha maharage kweli ni uchachu. Nyanya, ukwaju, ndimu, maziwa yaliyoganda: kimojawapo kikiingia mapema, kinafunga ganda, na mkaa utakwisha kabla punje haijalainika. Maji magumu ya visima vingine nayo hufanya vivyo hivyo, maana yana kalsiamu tele. Hapa shangazi yuko sahihi kabisa. Nyanya zake hukaa pembeni kwenye kibakuli, zimekatwa tayari, na mtoto akizisogeza kwenye sufuria kabla ya wakati anaondolewa jikoni.

Halafu kuna magadi. Wapo wapishi wanaoyakataa na wapo wanaoyatia kila siku. Magadi, yakiwa ya Ziwa Natron au ya Ziwa Magadi upande wa pili wa mpaka, hufanya kinyume cha uchachu: yanaharakisha ganda kulegea. Yakizidi, chakula kinanuka sabuni, na vitamini B1 iliyomo kwenye punje inapotea kwa wingi. Mimi sipo upande wa wanaoyakataa. Kwa maharage ya mwaka juzi, ncha ya kijiko kwenye maji ya kulowekea, kisha maji hayo yakamwagwa, ni busara. Kwa maharage mapya ni uvivu.

Jambo moja halina ubishi. Maharage mekundu makubwa yana sumu ya asili ambayo haiondoki kwa moto wa taratibu. Lazima yachemke kwa nguvu, yakitokota kwelikweli, angalau dakika 10, baada ya kumwagwa maji ya kulowekea. Baada ya hapo moto unaweza kupunguzwa utakavyo.

Makande yenyewe yana wakoboaji na wasiokoboa. Mahindi mazima yana ganda gumu ambalo tumbo la mtoto halilipendi, hivyo shangazi hukoboa. Anayanyunyizia maji kidogo kwenye kinu, anayaacha yanywe, kisha anatwanga kwa mchi bila kuyavunja. Utwangaji huu si wa nguvu. Mchi huanguka kwa uzito wake wenyewe, punje zinasuguana zenyewe kwa zenyewe, na ganda linatoka kama ngozi nyembamba. Akisikia sauti ya kinu imebadilika, ameshajua. Anapepeta, pumba zinakwenda kwa kuku, mahindi yanabaki meupe.

Mahindi hutangulia motoni, maharage hufuata, kwa sababu hayaivi kwa saa sawa. Ukiyaweka pamoja tangu mwanzo, utachagua kati ya mahindi magumu na maharage yaliyorojeka. Anayeyaweka kwa zamu hupata punje zilizo nzima, laini, zikiogelea kwenye maji mazito yaliyotokana na wanga wenyewe. Maji hayo hayamwagwi kamwe, ndiyo mchuzi. Vikishaiva vyote viwili ndipo kitunguu kinakaangwa pembeni, nyanya zinaingia, karoti kama ipo, chumvi, na vyote vinamiminwa juu. Wenye nazi hutia tui. Shangazi huweka parachichi pembeni ya sahani, kwa kuwa miti ipo nyuma ya nyumba, na nadhani hakuna siagi inayoshinda hiyo.

Mahindi peke yake yana upungufu wa laisini, kijenzi kimojawapo cha protini ambacho mwili hauwezi kujitengenezea. Maharage yanayo tele, na yanachopungukiwa nacho kinapatikana kwenye mahindi. Sufuria hii imeziba pengo hilo vizazi na vizazi, na haiko Upare peke yake: Wakikuyu wana githeri, Wakamba wana muthokoi ya mahindi yaliyokobolewa, na pwani wapo wanaoiita pure. Mwaka 2017, katika uchaguzi mkuu wa Kenya, mwanamume mmoja alipigwa picha kwenye foleni ya kura akila githeri kutoka mfuko wa plastiki, na nchi nzima ikamcheka kwa mapenzi. Hadi nishani ya rais alipewa. Sijasikia aliyeuliza nani aliichemsha githeri ile.

Pwani wana sufuria yao, na hapo mpangilio unakuwa mkali zaidi kwa sababu ya nazi. Mbaazi kavu hulowekwa usiku, zikachemshwa asubuhi bila kitu kingine mpaka zibonyee kwa vidole viwili huku zingali nzima. Wakati huo nazi inakunwa kwenye mbuzi. Tui la kwanza, zito, linakamuliwa kwa maji kidogo ya vuguvugu na kuwekwa kando lisiguswe. Machicha yanatiwa maji tena, yanakamuliwa mara ya pili, na hilo tui jepesi ndilo linalopika: linaingia na kitunguu, manjano, pilipili mbichi isiyokatwa, na linaachwa lichemke mpaka lipungue. Tui zito huja mwisho. Moto unapunguzwa, mfuniko unakaa wazi, na mpishi anakoroga polepole bila kuondoka. Likichemka kwa fujo linakatika, mafuta yanakwenda upande wake na maji upande wake, na hakuna ujanja wa kulirudisha. Dakika chache tu, sufuria inaepuliwa ikiwa bado inatamani moto. Ukila mbaazi hizo na mahamri yenye iliki, Lamu au Mombasa, asubuhi ya kawaida ya Jumanne, utajua kwamba nazi moja na nusu kilo ya punje kavu zimeshibisha nyumba.

Pana jambo la kusikitisha kidogo kuhusu mbaazi. Wakulima wa Lindi, Mtwara na Manyara walizilima kwa wingi kwa ajili ya soko la India, na mwaka 2017 India ilipoweka kikomo cha uagizaji, bei ilianguka na magunia yakabaki. Wakati huohuo kuna nyumba za mjini zisizojua kuzipika. Chakula kilichokuwa kinasafirishwa mbali kilikuwa kinatosha hapa, kama watu wangekuwa na usiku mmoja wa kukiloweka.

Usukumani na Unyamwezini ufundi huanza mbali zaidi, miezi kabla ya mpishi kuwasha moto. Kiazi kitamu kikishachimbwa hakikai. Wadudu na kuoza vinakiwahi. Kwa hiyo mavuno ya kiangazi hugawanywa. Vingine humenywa vibichi, vikakatwa vipande vyembamba na kuanikwa: hiyo ni michembe. Vingine huchemshwa kwanza, vikamenywa, vikakatwa na kuanikwa: hayo ni matobolwa. Jiwe kubwa tambarare nje ya kijiji, la aina inayojaa kotekote Mwanza na Shinyanga, hugeuka sakafu ya kuanikia, na jua la Julai linafanya lililobaki. Teso, mashariki mwa Uganda, wana namna yao inayofanana na hii, wanaiita amukeke.

Matobolwa hayahitaji mpishi. Mtu huyatafuna na chai au maziwa njiani kwenda shamba. Michembe ndiyo yenye mafunzo. Huoshwa mara mbili, maana imelala juani na vumbi, kisha huchemshwa kwa maji yanayoifunika tu. Maji yakizidi unapata uji, yakipungua unapata vipande vinavyonata na meno. Yakikaribia kukauka, karanga zilizokaangwa na kusagwa huingia, na chumvi kidogo, na hapo unaanza kuponda ukikoroga kwa mwiko mpaka mafuta ya karanga yatokeze juu. Hakuna sukari iliyotiwa na bado ni tamu, kwa kuwa jua limeondoa maji na kuuacha utamu wote ndani. Nyumba hizohizo huanika majani ya kunde yaliyochemshwa, na miezi ya ukame huyapika kwa karanga hizohizo. Karanga ndiyo nyama ya stoo ya bara, kama nazi ilivyo kwa pwani.

Muhogo mkavu nao ungestahili sifa yake hapa. Kusini huitwa makopa, na ugali wake mweupe unaonata una wapenzi wasiotaka mwingine. Lakini muhogo mchungu unadai muda kuliko chakula chochote nilichokitaja. Una sianidi, na kinachoiondoa ni siku: kulowekwa, kuchachuka, kuanikwa hadi kukauka barabara. Katika ukame wa mwaka 1985, huko Tarime, njaa iliwakatia watu hatua hizo. Muhogo mchungu ulikaushwa na kuliwa kwa haraka, na wengine, watoto na wanawake hasa, wakapooza miguu kwa ugonjwa wa konzo, ambao hauponi. Wapishi wale walijua kazi yao. Walichokosa ni siku tatu au nne, na anayekuambia upishi wa kimaskini ni rahisi huwa hajawahi kukosa siku hizo.

Dagaa wana desturi nyingine kabisa. Huvuliwa usiku wa giza, mwezi ukiwa haupo, kwa taa zinazowakusanya juu ya maji, kisha huanikwa. Wa Ziwa Victoria, wanaoitwa omena Kenya na mukene Uganda, na wa Ziwa Tanganyika ni samaki tofauti, na mtu wa Kigoma atakukumbusha hilo kabla hujamaliza kuuliza bei. Walioanikwa mchangani hubeba mchanga. Walioanikwa kwenye chanja ni safi na bei yao inasema hivyo. Ufundi wa jikoni ni kuwatoa vichwa mmoja mmoja, kazi ya saa nzima kwa bakuli moja, kazi ambayo hufanywa watu wakipiga soga na ndiyo maana haionekani kuwa kazi. Baada ya hapo wapishi wazuri huwakaanga wakavu kwanza, bila mafuta, kwenye chungu chenye moto, mpaka harufu nzito ipungue. Ndipo huoshwa kwa maji ya moto, mara mbili au tatu, wakikung'utwa ili mchanga ubaki chini. Sasa mafuta, kitunguu kingi kuliko unavyodhani, dagaa wakaangwe hadi wakakamae, nyanya, na ndimu moto ukishazimwa. Ndimu ikichemka inakuwa chungu. Konzi mbili tu za dagaa zinatosha ugali wa watu watano, na wanaobaki husagwa kuwa unga wa kutia kwenye uji wa mtoto au mboga za majani.

Kila nilichokieleza hadi sasa kinategemea kwamba stoo haijaliwa na wengine kwanza. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mdudu mgeni kutoka Amerika ya Kati aligunduliwa Tabora, akapewa jina dumuzi, na tangu hapo amesambaa sehemu kubwa ya Afrika. Dumuzi hula mahindi, hula makopa, hula hata mbao za kihenge. Majivu na majani makavu ya mwarobaini, ambavyo mabibi walichanganya na punje, huwasumbua fukusi wa zamani. Kwa dumuzi msaada wa vitu hivyo ni mdogo. Kilicholeta nafuu ni mifuko ya PICS, yenye tabaka mbili za plastiki ndani na la tatu la mfuko wa kawaida nje, iliyobuniwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue mwishoni mwa miaka ya 1980 kwa ajili ya kunde za Cameroon. Mfuko ukifungwa vizuri, wadudu waliomo humaliza hewa ya oksijeni na kufa bila dawa. Sharti ni moja, na ni lilelile la chupa ya chumvi: punje ziwe kavu.

Kuhusu moto, siku hizi mjadala uko juu. Tanzania ilizindua mwaka 2024 mkakati wa miaka kumi wa nishati safi ya kupikia, ukilenga asilimia 80 ya wananchi ifikapo 2034, na jiko la umeme la presha limekuwa kama bango lake. Nimelitumia, na sina kinyongo nalo. Maharage yaliyolowekwa huiva humo ndani ya nusu saa kwa umeme kidogo mno. Hata hivyo ni chombo kinachomtii anayejua mpangilio: nyanya zikitangulia zitagomesha maharage ndani ya presha vilevile, na punje za mwaka juzi hazitakuwa za mwaka huu kwa sababu zimefungiwa mvuke.

Kwa asiye na umeme kuna kikapu, na sielewi kwa nini hakienziwi zaidi. Tengeneza kiota cha matambara au mablanketi ya zamani ndani ya kikapu kikubwa au boksi. Chemsha maharage yaliyolowekwa kwa nguvu kwa dakika 20 au 30, epua na mfuniko wake bila kufungua, tia ndani ya kiota, funika kwa mto. Nenda kazini. Joto lililomo halina pa kwenda, linaendelea kupika, na jioni utahitaji moto wa dakika chache tu za kukaangia kitunguu na kuyachemsha tena. Usifungue kuchungulia, wala usikitumie kwa maharage mekundu ambayo hayajatokota kwanza.

Najua wapo wasomaji ambao hawajazoea kupanga chakula cha kesho leo, hasa vijana wanaoishi peke yao kwenye chumba kimoja, wenye jiko dogo la gesi na safari ndefu ya daladala. Kwenu nashauri muanze na choroko. Ni punje ndogo, hazilazimishi kulowekwa, na zina huruma kwa aliyechelewa. Kikombe kimoja kinatosha watu watatu. Zichague mawe, zioshe, zichemshe kwa vikombe vinne vya maji kwa dakika 40 hivi, mpaka zianze kupasuka. Kaanga kitunguu na kitunguu saumu, tia nyanya moja iive kabisa, mimina kwenye choroko, chumvi, kisha tui zito mwishoni kwa moto mdogo. Ukikosa nazi, karanga za kusagwa vijiko viwili zinafanya kazi. Kula na wali au chapati. Zikibaki, zichemshe asubuhi kabla ya kula. Mkono ukizoea, nenda sokoni ununue mbaazi.